Mistari ya Mwisho: Shajara ya Mradi wa Mahitimisho, Old Kampala

Januari. Tunaanza

Kikundi chetu cha kusomea hukutana Jumamosi asubuhi katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, Old Kampala, si mbali na Msikiti wa Taifa. Karibu wote tunafanya kazi wiki nzima: yuko karani wa hesabu, wako wasaidizi wa ukaguzi, mhasibu wa shule, na dada mmoja wa Bunia anayewashikia vitabu wauza mbao. Wengine wanafanya mitihani ya uhasibu ya CPA ya Uganda chini ya ICPAU, taasisi ya wahasibu nchini, wengine ile ya ACCA ya Uingereza. Kinachotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na cha kwao: cha Bukoba, cha Bombo, cha Bunia, cha Mombasa. Majibu ya mtihani yenyewe yanaandikwa kwa Kiingereza, lakini tunabishana kwa Kiswahili, kwa hiyo humu mahitimisho nitayaandika jinsi tulivyoyabishania.

Mradi ni kutengeneza daftari la mahitimisho. Tunachukua swali kutoka pepa za nyuma, tunafanya hesabu na hoja kwa pamoja, halafu kila mtu anaandika aya ya mwisho peke yake. Aya zinasomwa kwa sauti na kukatwakatwa. Ile inayobaki imesimama inaingia daftarini, na chini yake tunaandika kwa nini imeingia. Hatutafuti aya za kukariri. Aya ya kukariri ndiyo ugonjwa tunaoutibu.

Ugonjwa wenyewe tumeuona kwenye majibu ya mazoezi ya mwaka jana, tuliyoyarundika mezani na kuyasoma kuanzia chini kwenda juu. Hesabu ziko sawa, viwango vya IFRS, vile vya kimataifa vya ripoti za fedha, vimetajwa inavyopaswa, halafu mwisho kabisa: "Kwa kuhitimisha, kampuni izingatie mambo yote yaliyoelezwa hapo juu kabla ya kufanya uamuzi." Mkurugenzi aliyeuliza kama anunue mashine au asinunue ameondoka kama alivyokuja.

Januari, Jumamosi iliyofuata. Kitenzi cha swali

Kazi ya leo ilikuwa ya kuchosha lakini ya lazima: kupanga maswali kwa kufuata kitenzi kinachoamuru. "Kokotoa" na "andaa" havidai hitimisho. Ukishapiga mstari chini ya jumla, umemaliza. "Eleza" na "orodhesha" navyo mara nyingi havidai. "Shauri", "tathmini", "jadili kama", "pendekeza": hapa asiye na hitimisho hajajibu.

Tumegundua kwamba tumekuwa tukiandika "kwa kuhitimisha" hata kwenye maswali ya alama 4 ya kueleza, na kuliacha kwenye swali la alama 20 la kushauri kwa kuwa muda uliisha. Mtihani wa CPA hapa ni saa tatu, na kabla yake kuna dakika 15 za kusoma ambazo huruhusiwi kuanza kuandika majibu. Saa tatu kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, yaani dakika 36 kwa swali la alama 20. Tumekubaliana dakika nne za mwisho kati ya hizo 36 ni za hitimisho na zisiguswe na kitu kingine. Mhasibu wa shule amelalamika kwamba dakika nne ni nyingi kwa mistari minne. Ataona.

Katika miongozo ya usahihishaji tuliyoipitia, hitimisho kwa kawaida lina alama moja au mbili. Watu wengi wakisikia hivyo wanapuuza: alama moja, ya nini kuhangaika? Wale wa ACCA ndio waliotutoa usingizini. Katika pepa ya juu ya ukaguzi, AAA, alama 20 kati ya 100 ni za stadi za kitaaluma: mawasiliano, uchambuzi na tathmini, mashaka ya kitaaluma pamoja na uamuzi, na uelewa wa biashara. Huwezi kuonyesha uamuzi bila kuamua, na mahali pa kuamua ni pale mwisho. Kwenye SBL, pepa ya uongozi wa biashara, nako ni alama 20. Alama hizo haziishi zote kwenye aya ya mwisho, hilo najua, lakini msahihishaji akifika pale akakuta ukungu, hata yaliyotangulia anaanza kuyatilia shaka. Hayo ya mwisho ni maoni yangu. Mwongozo hausemi hivyo.

Februari. Kinu cha Kisenyi

Leo tumefanya swali moja tu, nami naliandika kwa kirefu kwa sababu limetupa umbo la kazi.

Tumelitunga wenyewe kwa mfano wa maswali ya fedha, tukaliweka Kisenyi, kwenye vinu vya mahindi, kwa kuwa kila mtu anapajua. Kampuni inafikiria kununua kinu kipya kwa shilingi milioni 400. Kitaingiza milioni 128 kwa mwaka baada ya gharama za uendeshaji, kwa miaka mitano, na mwisho hakitauzika. Gharama ya mtaji ni asilimia 15. Kodi tumeiacha ili swali libaki dogo. Swali: mshauri mkurugenzi.

Hesabu haina fumbo. Kigezo cha jumla cha kuleta fedha za miaka mitano kwenye thamani ya leo, kwa asilimia 15, ni 3.352. Mara 128 unapata milioni 429.1. Toa 400, NPV (thamani halisi ya leo ya mradi) ni chanya milioni 29.1.

Rasimu zilizosomwa, kwa mfuatano:

"NPV ni chanya, kwa hiyo mradi unafaa." Ni sahihi, tena fupi, ila mkurugenzi angeweza kuiona mwenyewe kwenye jedwali.

"NPV ni chanya. Hata hivyo kuna mambo yasiyo ya kifedha kama vile wafanyakazi, mazingira, ushindani na teknolojia." Hii imezomewa. Kila neno baada ya "hata hivyo" linaweza kubandikwa kwenye swali lolote duniani, liwe la kinu, la hoteli au la meli.

"Inategemea hali ya soko." Mwandishi wake ni kijana mzuri sana wa hesabu, akajitetea kwamba soko halijulikani. Dada wa Bunia akamuuliza: "Inategemea kiasi gani?" Kimya. Hapo ndipo tulipoipata hesabu iliyokuwa imekosekana. Mapato yakishuka kutoka 128 hadi 119.3 kwa mwaka, NPV inakuwa sifuri. Huo ni upungufu wa asilimia 6.8 tu. Mwenye kinu Kisenyi anaweza kupoteza hiyo kwa msimu mmoja mbaya wa mahindi, au kwa umeme kukatika mchana wiki chache.

Iliyoingia daftarini ni hii, baada ya kufanyiwa kazi na watu watatu:

"Nashauri kampuni inunue kinu, kwa kuwa kinaongeza thamani ya shilingi milioni 29. Nafasi ya kukosea ni ndogo: mapato yakipungua kwa karibu asilimia 7, thamani hiyo yote inakwisha. Kwa hiyo mkataba wa ununuzi usisainiwe kabla kampuni haijapata ahadi za maandishi za ugavi wa mahindi kwa angalau miaka miwili ya kwanza. Ahadi hizo zikikosekana, ushauri wangu unageuka: kampuni ibaki na kinu cha zamani."

Chini yake tumeandika: uamuzi umetangulia, takwimu mbili tu, zote zimetoka kwenye hesabu ya juu, sharti moja linalotokana na udhaifu uliopimwa, na jambo litakalobadilisha ushauri limetajwa. Hakuna hoja mpya hata moja. Hoja mpya ndiyo adui tuliyemdharau. Katika rundo la mwaka jana majibu kadhaa yalianzisha hatari mpya kwenye sentensi ya mwisho, bila hesabu wala maelezo, na msahihishaji hana namna ya kuipa alama hoja iliyotupwa mlangoni.

Februari, katikati ya wiki. Kisekka

Yule wa Bukoba ana mjomba anayeuza spea Kisekka. Mzee huyo ni Mnubi wa Bombo, hajasoma uhasibu lakini anajua biashara kuliko sote tukijumlishwa. Tulikwenda naye mchana, tukaamkia, "Shikamoo mzee", tukasomewa habari za bei ya sahani za klachi kwanza, halafu tukamwomba asikilize mahitimisho mawili ya swali la kinu bila kuona hesabu. La kwanza lilikuwa lile la "mambo yasiyo ya kifedha".

"Sasa ninunue au nisinunue?"

La pili likasomwa. Akauliza: "Hiyo asilimia saba ni ya mapato au ya faida?" Swali zuri mno. Tulikuwa tumeandika "mapato" tukimaanisha fedha zinazobaki baada ya gharama za uendeshaji, na mtu wa nje angeelewa ni mauzo. Daftarini sasa imesahihishwa: "fedha halisi zinazoingia kwa mwaka zikipungua kwa karibu asilimia 7". Tangu siku hiyo kila hitimisho linapita kwanza kwa mtu ambaye hakuona kiini cha jibu. Anapewa aya ya mwisho peke yake, na akishindwa kusema afanye nini, aya inarudi.

Mzee akatununulia chai na rolex (chapati iliyoviringwa na mayai), akasema tukifaulu tuje tumfanyie hesabu za duka bure.

Februari mwishoni

Mvua. Barabara ya kutoka Nakawa imejaa maji, wamefika wachache. Tumepima muda tu kwa saa ya simu. Mhasibu wa shule alihitaji dakika tano na nusu kwa mistari minne. Hakusema kitu, na sisi hatukusema kitu.

Machi. Kesi mahakamani: 63, 90 au 96?

Swali la leo la IAS 37, kiwango cha madeni yasiyo na uhakika, lilileta ugomvi wa kweli. Kampuni ya vinywaji inafunga mwaka 30 Juni. Mteja ameishtaki. Mawakili wanaona uwezekano wa asilimia 70 kwamba kampuni itashindwa na kulipa milioni 90, na asilimia 30 kwamba haitalipa kitu. Bima imethibitisha kwa maandishi kwamba kampuni ikilipa, itarudishiwa milioni 60, na hilo halina shaka. Tarehe 20 Agosti mahakama inaamua: kampuni ilipe milioni 96, na hakuna rufaa. Hesabu zinatarajiwa kuidhinishwa katikati ya Septemba. Jadili namna suala hili litakavyoonekana kwenye hesabu za mwaka.

Nusu ya chumba walizidisha asilimia 70 kwa 90 wakapata 63, wakahitimisha kwamba kampuni itenge milioni 63. Ni hesabu yenye mvuto, lakini hakuna siku kampuni itakayolipa milioni 63. Ni kesi moja: ama inalipa ama hailipi. Wastani uliopimwa kwa uwezekano unafaa palipo na madai mengi ya aina moja, kama dhamana za bidhaa elfu kadhaa. Kwenye deni moja, makadirio bora kwa kawaida ni lile tokeo lenye uwezekano mkubwa kuliko mengine, na hapa ni 90.

Nusu nyingine wakaandika 90 na kupumzika. Hawakusoma hadi sentensi ya mwisho ya swali. Hukumu ya 20 Agosti imetoka baada ya mwaka kufungwa lakini kabla ya hesabu kuidhinishwa, na inathibitisha deni lililokuwapo tayari tarehe 30 Juni. Kwa IAS 10, kiwango cha matukio ya baada ya mwaka kufungwa, hilo ni tukio linalorekebisha hesabu. Kiasi ni 96.

Swali hili nimelipenda kwa sababu linaonyesha jinsi jibu linavyoweza kuwa na kiini kizuri na hitimisho lililochelewa. Unajenga hoja ya 90 kwa ufundi, kurasa mbili, halafu ukweli wa mwisho unaibadilisha, nawe umeshajipenda mno usitake kubadilika. Iliyoingia daftarini:

"Kampuni itambue deni la milioni 96 katika hesabu za 30 Juni, kwa kuwa hukumu imethibitisha wajibu uliokuwapo siku hiyo. Fidia ya bima ya milioni 60 itambuliwe kama mali inayojitegemea, isikatwe kwenye deni katika mizania. Katika taarifa ya faida na hasara inaruhusiwa kuonyesha gharama halisi ya milioni 36."

Kijana wa hesabu aliongeza: "Hii ni kwa mujibu wa IAS 37 na IAS 10." Tumeifuta. Viwango vimeshatajwa na kutumiwa kwenye kiini. Kuvirudia hapa kunakula sekunde tu. Dada wa Bunia hakukubali, anasema msahihishaji mchovu anahitaji kukumbushwa. Tumeacha alama ya kuuliza pembeni.

Machi. Ukaguzi, na ngazi yake

Hili ni eneo ambalo hitimisho zuri halifanani na yale mengine, na ndipo wasaidizi wetu wa ukaguzi wanapojikwaa zaidi kuliko wahasibu. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Nadhani ni kwa sababu kazini hati, yaani maoni ya mkaguzi, huamuliwa na bosi wao, wao wanajaza karatasi za kazi tu.

Swali: faida kabla ya kodi ni milioni 600. Bidhaa ghalani zimeandikwa kwa gharama, lakini sehemu yake ni sukari iliyolowa na haitauzika kwa bei iliyonunuliwa. Thamani imezidishwa kwa milioni 75. Jadili athari kwa ripoti ya mkaguzi.

Rasimu iliyoshinda kwa wingi: "Mkaguzi atoe hati isiyoridhisha kwa sababu hesabu zina kosa." Kuna kuruka hatua mbili humo. Kwanza, je, kosa lina uzito? Milioni 75 ni asilimia 12.5 ya faida kabla ya kodi, na kipimo kinachotumika sana cha asilimia 5 ni milioni 30. Lina uzito. Pili, limeenea? Linagusa bidhaa ghalani na gharama ya mauzo, si hesabu nzima. Halijaenea. Hapo hati ni yenye shaka (hesabu ni sawa isipokuwa jambo hilo), na isiyoridhisha (hesabu nzima haziaminiki) haiingii kabisa.

Kuna hatua ya tatu, na hii ndiyo karibu wote waliisahau: menejimenti haijaombwa kurekebisha bado. Ukaguzi haujaisha. Mkaguzi anayekimbilia hati kabla ya kuzungumza na wenye hesabu ameruka kazi yake. Kwa hiyo hitimisho la ukaguzi linakwenda kama ngazi, na mpanda ngazi anasema yuko wapi:

"Bidhaa ghalani zimezidishwa kwa milioni 75, asilimia 12.5 ya faida kabla ya kodi, na kosa hili ni zito. Menejimenti iombwe kushusha thamani hadi ile inayoweza kupatikana sokoni baada ya gharama za kuuza. Ikikubali, ripoti haitaathirika. Ikikataa, hati itakuwa yenye shaka, kwa kuwa kosa halijaenea nje ya bidhaa ghalani na gharama ya mauzo, na sababu ielezwe katika aya inayofuata maoni."

Tukajaribu ngazi hiyohiyo kwenye swali la uendelevu wa biashara, yaani kama kampuni itaweza kuendelea: hoteli Jinja, mkopo mkubwa unaiva ndani ya miezi tisa, na benki haijakubali kuuongeza. Hapa kosa la kawaida ni lile la kizamani la kusema "mkaguzi aweke aya ya msisitizo". ISA 570, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu uendelevu, kilipofanyiwa mapitio 2015 kilitenga sehemu yake maalumu katika ripoti, yenye kichwa chake kuhusu shaka kubwa ya uendelevu. Tulichokubaliana: kama kampuni imeeleza shaka hiyo vya kutosha kwenye maelezo ya hesabu, hati ni safi na sehemu hiyo inaongezwa. Kama haikueleza vya kutosha, hati ni yenye shaka au isiyoridhisha, kulingana na ukubwa wa jambo. Kama hesabu zimeandaliwa kana kwamba hoteli itaendelea ilhali haiwezi tena, hati ni isiyoridhisha, hata kama kila kitu kimeelezwa.

Aya ilitoka ndefu, mistari saba. Tumeijadili sana. Mimi nasema mistari saba inakubalika hapa kwa sababu swali halikutoa taarifa ya kutosha kuchagua ngazi moja, na kuchagua kwa kubahatisha kungekuwa kujidai. Huku si kukimbia kwa "inategemea". Kila "kama" ina jibu lake kamili, na msomaji anajua kipi kikitokea atafanya nini.

Aprili. Kodi, kwa haraka

Maswali ya kodi hayana mengi ya kubishania. Hitimisho zuri la kodi linataja kiasi na hatua inayofuata, basi. Mfano ulioingia: kampuni imenunua vifungashio vya milioni 8 kwa mkupuo mmoja kutoka kwa muuzaji asiye na TIN, namba ya mlipakodi. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda haikubali gharama inayozidi milioni 5 kwa muamala mmoja kutoka kwa muuzaji wa namna hiyo. "Milioni 8 zirudishwe kwenye faida inayotozwa kodi, kodi ya kampuni itaongezeka kwa milioni 2.4 kwa kiwango cha asilimia 30. Kuanzia sasa idara ya manunuzi idai TIN kabla ya kulipa." Imesomwa mara moja, imepita. Mwenzetu anayeshughulikia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, analeta maswali yake ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki, wiki nyingine.

Aprili. Takwimu ikiwa mbovu

Jambo lililowasumbua wengi: je, kama hesabu yangu ya NPV imekosewa, si hitimisho langu nalo limekufa? Kwa kawaida ya usahihishaji katika mitihani hii, hapana. Ukipata NPV hasi kwa kukosea kigezo, halafu ukashauri kampuni isinunue, hitimisho linafuata takwimu yako na linapata alama yake. Umepoteza alama za hesabu tu. Ukipata NPV hasi halafu ukashauri inunue kwa sababu "unahisi" jibu sahihi ni chanya, umepoteza kote kuwili.

Tumefanya zoezi la makusudi. Kila mtu alipewa jedwali lenye kosa, tofauti na la jirani, akaambiwa ahitimishe bila kuligusa. Ilikuwa raha kuwaona watu wakiandika kwa ujasiri ushauri unaopingana kabisa, na yote yakastahili alama. Mmoja alijaribu kurudi kusahihisha jedwali. Tulimnyang'anya kikokotoo.

Aprili. Dakika 15 za kusoma

Pendekezo la yule wa Mombasa: hitimisho litungwe kichwani wakati wa kusoma, kabla ya kuandika chochote. Anasema ukijua unakokwenda, kiini kinajiandika. Tumejaribu kwenye maswali kadhaa na kwa sehemu ana haki. Kwenye maswali ya kujadili, ambapo takwimu zimeshatolewa, kutunga uamuzi mapema kunaondoa aya nzima za kuzungukazunguka. Kwenye lile la IAS 37 kungeokoa watu wengi, kwa sababu wangelazimika kusoma hadi tarehe 20 Agosti.

Lakini kwenye maswali yenye hesabu ndefu kuna hatari. Watu wawili waliamua mapema kwamba kampuni inunue kampuni nyingine, hesabu ikaja kusema bei ni kubwa mno, nao wakaipinda hoja ili isilingane na hesabu bali na uamuzi. Daftarini tumeandika maelewano: wakati wa kusoma, amua *swali la kujibiwa mwisho* kwa sentensi moja, kwa mfano "anunue au asinunue, na kwa bei isiyozidi ngapi?" Jibu lisubiri hesabu. Yule wa Mombasa anaona tumemkata miguu. Anaendelea na njia yake, na kwake inafanya kazi, kwa hiyo hakuna anayemzuia.

Mei. Hali ya daftari

Kurasa za fedha na za ukaguzi zimejaa. Za ripoti za fedha zinatosha kwa sasa. Alama ya kuuliza ya dada wa Bunia kuhusu kutaja kiwango mwishoni bado ipo. Amepata ripoti moja ya mtahini wa ACCA anayodhani inamuunga mkono, nami nimeisoma na sioni hivyo.

Linalobaki ni maadili, nalo ni gumu kuliko nilivyotarajia. Kanuni za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, zinataja vitisho vitano dhidi ya uadilifu: maslahi binafsi, kukagua kazi yako mwenyewe, kumtetea mteja, mazoea na kutishwa. Watu wanavitaja vizuri sana, halafu wanahitimisha "kampuni iweke kinga zinazofaa". Kinga gani? Mkaguzi ambaye ada za mteja mmoja wa maslahi ya umma (kama kampuni iliyo kwenye soko la hisa) zimezidi asilimia 15 ya mapato yote ya ofisi kwa miaka miwili mfululizo anahitaji kuambiwa cha kufanya mwaka huu, na nani akifanye.

Jumamosi ijayo ni hilo tu. Dada wa Bunia analeta maswali matatu ya maadili. Yule wa Bukoba anamwomba mjomba wake wa Kisekka aje akae nasi saa moja, awe mteja asiyeelewa. Wengine waje na kalamu na saa, na mhasibu wa shule aje na kikokotoo chake mwenyewe.